Safari Kwanza: Kuendesha Kampeni ya Anga za Mbali ya Kujitungia Mwenyewe

Ndugu zangu, karibuni. Naona wengine mna madaftari mapajani, na wengine mmekuja kujua tu hizi dadu zinafanya kazi gani. Kwa hao wa pili, maelezo mafupi. Watu wanne au watano wanakaa mezani. Mmoja ni mwendesha mchezo: anaeleza dunia ilivyo na kuwasemea watu wote waliomo. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake. Mwendesha mchezo anaeleza hali, mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na pale ambapo matokeo hayajulikani, dadu zinaamua. Vikao vikifuatana na wahusika wakabaki walewale, tunaita kampeni. Leo tunazungumzia kampeni ya anga za mbali ambayo unaitunga mwenyewe, kanuni zako, ramani yako.

Kampeni za namna hii nyingi hufa mapema, na ugonjwa huwa uleule. Mtungaji anaanza na historia: himaya tatu, vita vya miaka mia mbili, aina kumi na mbili za viumbe, orodha ya wafalme. Jumamosi inafika, wachezaji wanauliza, "Haya, sisi tunafanya nini?" Jibu hana, kwa sababu kurasa zote arobaini zinahusu watu waliokwisha kufa. Mimi nasema anza na swali la nauli: kutoka hapa hadi pale ni siku ngapi, na ni bei gani? Ukishalijibu hilo, sheria, habari, biashara na vita vinapata pa kusimama.

Tuchukue kwanza mfumo wetu wa jua, maana hesabu zake zinajulikana. Ishara ya redio kutoka Dunia hadi Mirihi huchukua dakika 3 hivi sayari hizi zikiwa karibu kabisa, na dakika 22 hivi zikiwa mbali kabisa. Mezani maana yake ni kwamba hakuna simu. Mtu anatuma ujumbe, anakwenda kunywa chai, ndipo anarudi kusikiliza jibu. Mchezaji hawezi kumwomba ruhusa bosi aliyeko Dunia katikati ya ugomvi, na wewe huwezi kumtumia bosi huyo kuwaamulia mambo. Wako peke yao, na ndivyo tunavyotaka.

Safari yenyewe je? Chombo kinachoweza kusukuma muda wote kwa 1 g, yaani mchapuko sawa na uvutano wa Dunia, huongeza mwendo hadi nusu ya njia, kinageuka, kisha kinafunga breki nusu iliyobaki. Muda wa safari ni mara 2 ya kipeuo cha pili cha umbali uliogawanywa kwa mchapuko. Kwa kilomita milioni 78, kama kutoka Dunia hadi Mirihi zikiwa zimekaribiana, mnapata saa 50 hivi, siku mbili tu. Injini ikiwa ya 0.1 g, safari ileile ni siku 6 na nusu. Ikiwa ya 0.01 g, ni wiki tatu. Angalieni kilichotokea hapo: tumebadilisha namba moja, na hadithi imebadilika aina. Ya siku mbili ni basi la mkoani. Ya wiki tatu ni safari ambayo watu wanagombana, wanapatana, na maji yanaanza kuhesabiwa.

Ukitaka nyota nyingine, hesabu za kweli zinakukataa. Proxima Centauri, nyota iliyo jirani kuliko zote baada ya Jua, iko umbali wa miaka ya nuru 4.2. Hapo lazima udanganye, na kudanganya ruksa, mradi udanganye mara moja na uutoze uongo wako bei. Mchezo wa Marekani uitwao Traveller, uliotoka mwaka 1977, uliamua kwamba kila mruko kati ya nyota unachukua takriban wiki moja, na hakuna habari inayotangulia chombo. Kanuni hiyo moja inazaa mengi: mhalifu anaweza kuwahi bandari kabla ya kesi yake, gavana anajitawala kwa kuwa amri zinachelewa, na barua ni mzigo wenye thamani. Wengine huchagua malango, yaani milango ya angani unayoingilia kwenye nyota moja na kutokea kwenye nyingine. Lango ni zuri ukitaka siasa, kwa kuwa mwenye kulishika lango ameshika shingo za wote. Ubaya wake ni kwamba wachezaji watataka kuliteka lango kwenye kikao cha pili, nanyi mtakuwa na kampeni ya vita mlivyokuwa hamjaviandaa.

Mimi nawapendekezea dawa iliyoko kwetu pwani, nayo ni msimu. Majahazi ya Bahari ya Hindi yalikwenda kwa pepo mbili. Kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, iliyaleta kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi, ikishaanza kushika Aprili au Mei, iliyarudisha. Kati yake kuna tanga mbili, upepo usiojua unataka nini. Basi uwepo mkondo kati ya nyota zako unaosukuma upande mmoja kwa miezi minne, ukageuka upande wa pili kwa miezi mitano. Miezi mitatu iliyobaki ni tanga mbili, igawe kabla na baada: unaweza kupita upande wowote, lakini kila mruko ni wa kurusha dadu kwa hatari. Anayechelewa amekwama bandarini hadi msimu ugeuke. Atapanga chumba, atakopa, ataingizwa kwenye ugomvi wa watu, pengine ataoa. Waarabu na Wahindi wangapi waliokwamishwa na upepo wamekuwa babu zetu!

Kimchezo, msimu unakupa mapigo. Vikao vitano au sita vya kusafiri, viwili au vitatu vya kukwama, kisha safari tena. Tahadhari moja hapa. Usiwakwamishe watu kwa dadu mbaya moja halafu ukasema "miezi mitano imepita". Wakikwama, weka mezani kazi tatu za hapohapo bandarini, moja halali yenye malipo madogo, moja ya magendo, na moja ya kumsaidia mtu ambaye atakumbuka. Wao ndio wachague miezi inapita vipi.

Na kuna jambo la kuuliza kabla ya kikao cha kwanza. Biashara ya misimu ya pwani ilibeba nguo, tende, boriti, pembe, na ilibeba watumwa. Ukiichukua pwani kama kiolezo, swali hilo litakuja mezani hata usipolialika. Waulize wachezaji wako mapema: utumwa umo katika dunia hii? Ukiwamo, unaonekana au unasikika tu? Kuna mhusika ambaye ukoo wake umetokea huko? Mmoja akisema hataki, jambo hilo halimo, wala haulizwi kwa nini. Mazungumzo haya ni ya dakika 10. Yakirukwa, mtu anaweza kunyamaza kwenye kikao cha nne na asirudi cha tano.

Sasa ramani. Bandari saba zinatosha msimu mzima. Chora kwenye karatasi ya miraba, unganisha kwa mistari, na andika juu ya kila mstari idadi ya siku. Kila bandari ipate mistari mitatu tu ya maandishi: inauza nini, inakosa nini, na nani anaogopwa. Kwa mfano: Mwamba Tisa, inauza barafu na oksijeni, inakosa vijana, wanaogopwa wenye mizani. Pwani Kavu, inauza mbegu, inakosa mafundi, anaogopwa kadhi. Hapo tayari kuna kazi: kuwapeleka mafundi Pwani Kavu, ambao Mwamba Tisa hawataki waondoke. Usiandike zaidi ya hapo mpaka wachezaji waseme wanakwenda. Na usiiandike sayari kama kijiji kimoja. "Sayari ya jangwa" ni uvivu. Dunia yetu ina Sahara na ina Usambara. Andika bandari moja na bonde lake, sayari iliyobaki iache kimya.

Bandari ya Dunia napenda iwe Ngomeni, upande wa Malindi, na sababu ipo. Pwani hiyo ya Kenya ilikuwa na jukwaa la Waitaliano baharini, San Marco, ambalo kuanzia 1967 lilirusha setilaiti. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa pale setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza nyota kwa eksirei, ikapewa jina Uhuru. Mahali hapo pana maana ya kifizikia pia, kwani ni karibu digrii 3 tu kusini mwa ikweta, na kwenye ikweta mzunguko wa Dunia unakupa mwendo wa bure wa mita 465 kwa sekunde ukirusha kuelekea mashariki. Mchezaji akiuliza kwa nini bandari kuu ya anga ya karne ya 23 iko pale, unalo jibu ambalo hukulibuni.

Chombo ndicho nyumba, kwa hiyo kichoreni pamoja kwenye karatasi moja ya A4: vyumba 8, milango, na nani analala wapi. Hapa sayansi kidogo inasaidia kuliko nyingi. Mtu mmoja hutumia takriban kilo 0.84 za oksijeni kwa siku. Mabaharia watano kwa siku 30 ni kilo 126. Msihesabu kilo mezani, chora visanduku 10 na futa kimoja kila siku tatu, lakini wewe mwenyewe ujue kwamba abiria wa sita aliyejificha kwenye shehena atafanya visanduku viishe kabla ya bandari. Hilo ni fumbo zima la kikao kimoja, na fundi makini ataligundua kwa kuangalia karatasi tu.

Uvutano wa kuzungusha chombo: ili upate 1 g kwa mizunguko 2 kwa dakika, unahitaji nusu kipenyo cha mita 224. Chombo cha vyumba 8 hakiwezi. Basi ama watu wanasimama wakati injini inasukuma, ama wanaelea. Chagua, kisha usisahau. Tundu la risasi ukutani halilipui chumba: tundu la sentimita 1 katika chumba cha mita za ujazo 100 huchukua zaidi ya saa moja kushusha kanieneo hadi nusu. Mna muda wa kutafuta kiraka na kulaumiana. Aliyetupwa nje bila suti ana fahamu kwa sekunde 10 hadi 15 hivi. Kwa zamu za mchezo za sekunde 6, ni zamu mbili.

Kitu ambacho wengi hawakitumii ni joto. Anga tupu haipoozi kama upepo unavyopooza, kwa sababu hakuna hewa ya kubeba joto. Linatoka kwa mnururisho tu, yaani kama miale. Kwa hiyo kila chombo kinahitaji rejeta kubwa, na rejeta inayong'aa kwa joto inaonekana kutoka mbali sana. Mfano: mashua ya forodha inakuja, wachezaji wanajificha nyuma ya jiwe la barafu. Wakunje rejeta, joto libaki ndani. Chora duara la vipande 6 mbele yao. Kila dakika 10 za mchezo jaza kipande kimoja. Kazi nzito, kama kuwasha kompyuta kuu au kuchomelea bomba, inajaza kimoja cha ziada. Kikifika cha 4, kila dadu inapungua 1, watu wana jasho, mtoto wa abiria analia. Kikifika cha 6, ama wafungue rejeta waonekane, ama kitu kiungue, nao ndio wachague kipi. Hamna risasi iliyopigwa, na meza nzima imeinama juu ya lile duara.

Tuje kwenye fedha, maana ndipo kampeni inaposukumwa. Chombo kisiwe cha wachezaji. Kiwe cha tajiri, nao wampelekee hesabu, kama dereva wa daladala. Ukiwapa chombo kiwe chao, kuna mmoja atapiga mahesabu: kina thamani ya malaki, tukiuze tukastarehe. Atakuwa sahihi, na kampeni imekwisha. Namba ninazopendekeza kwa kila safari, kwa reale, ni hizi: hesabu ya tajiri 900, mafuta 500, hewa na chakula 200, ushuru wa bandari 150. Jumla 1,750. Shehena ina nafasi ya tani 20, nauli 100 kwa tani. Mzigo halali unaopatikana bandarini, kwa tani, ni jumla ya dadu 2 ukiongeza 6, wastani tani 13, yaani 1,300. Wastani wa hasara ni 450. Mpaka dadu zitoe 12, mara 1 katika 36, ndipo mzigo halali peke yake unalipa. Kwa hiyo kila bandari watatafuta kazi nyingine ya 500 hadi 800, na hiyo kazi nyingine ndiyo kisa chako. Hamna haja ya mzee mwenye kofia kuwafuata hotelini na kuwapa kazi.

Mambo mawili huharibika hapa. Kwanza, mchezo unageuka uhasibu. Mistari iwe mitano, karani awe mchezaji mmoja, na hesabu zifungwe bandarini tu, kamwe si njiani. Pili, wachezaji wanateka chombo cha adui na kutaka kukiuza. Usiwakataze. Chombo bila hati hakuna bandari inayokisajili, kwa hiyo kinauzwa kama spea kwa sehemu ya kumi ya bei, kwa mtu ambaye sasa anajua walichofanya.

Dadu mbili za pande 6 zinatosha, chukueni za kwenye boksi la ludo. Rusha mbili, ongeza ujuzi wa mhusika kati ya -1 na +3. Ukipata 8 kwenda juu umefaulu. 6 au 7, umefaulu kwa gharama: kelele, muda, kitu kuvunjika. 5 kushuka chini, hali inabadilika kuwa mbaya. Bila ujuzi wowote ni mara 15, 11 na 10 katika 36. Ujuzi wa +1 unapandisha kufaulu hadi 21 katika 36, wa +2 hadi 26, wa +3 hadi 30. Ndiyo maana nasema usivuke +3: baada ya hapo dadu ni pambo.

Kosa linaloharibu vikao vingi kuliko yote ni kuwarushisha wote wanne kunyemelea. Kila mmoja ana +1, kila mmoja ana nafasi ya 58 katika 100, lakini wote wanne kufaulu pamoja ni kama 12 katika 100. Watu wenye ujuzi wanaonekana mazuzu, na mwendesha mchezo anashangaa kwa nini hakuna anayejaribu kunyemelea tena. Rusha mara moja tu, kwa ujuzi wa aliye mzito zaidi. Kosa la pili ni kuficha habari ya lazima nyuma ya dadu. Kama wasipojua jina la meli kisa kinasimama, jina hilo liweke sehemu tatu tofauti, na angalau moja isihitaji kurusha chochote.

Teknolojia iwekee mipaka mitatu na uitangaze: hakuna mawasiliano ya papo kwa papo kati ya bandari, hakuna kumfufua mtu kwa nakala ya ubongo wake, hakuna mashine ya kutengeneza kila kitu. Kipimio cha chombo kijibu mambo matatu tu, umbo, joto na mwendo. Kikijibu "ni maharamia wanane wenye bunduki", umewanyima wachezaji kazi. Kompyuta yenye akili ijue kile vihisio vyake vilichopima, isijue nia za watu. Kuhusu viumbe wa ajabu, aina moja inatosha, au hata hakuna.

Kikao cha kwanza cha saa tatu kigawe hivi. Dakika 45 za mwanzo ni za wahusika: kila mchezaji aseme kazi yake chomboni, anamdai nani, anadaiwa na nani. Siri ziwepo, lakini wachezaji wazijue, wahusika tu ndio wasizijue. Siri ya kweli ya kusaliti wenzako inafurahisha mtu mmoja kwa dakika tano. Kisha anza bandarini, tanga mbili imebaki siku 5, pampu ya rejeta imekufa, spea zipo mbili mjini: moja kwa muuzaji halali aliyepandisha bei, nyingine kwenye chombo kilichozuiwa na forodha. Maandalizi yako yawe ukurasa mmoja: watu watatu na wanachokitaka, sehemu tatu, duara moja la vipande 5 la zile siku. Ukitumia zaidi ya saa moja kuandaa, unaandaa riwaya.

Kabla watu hawajachukua boda zao kurudi nyumbani, uliza mnaelekea bandari ipi, andika jibu, na wiki ijayo andaa hiyo tu. Asiyefika kikao kijacho, mhusika wake yuko zamu kwenye chumba cha injini. Hafi, hapati mgao wa safari hiyo, na deni la tajiri linamhusu kama kawaida.